Rekodi za Utawala wa Kusini, Kutoka Mikindani Hadi Mlango wa Ruvuma

Makala za rekodi huhesabu milima mirefu, samaki wakubwa na majengo marefu. Hii inahesabu mamlaka: nani ana mengi, nani ana machache, nani alisubiri muda mrefu kuliko wengine, na ni wapi amri ya mbali ilikutana na watu wenye hoja yao. Nimeichagua Mtwara kwa sababu karibu kila kanuni ya utawala inayofundishwa katika somo la uraia imewahi kujaribiwa hapa, na mara nyingine kwa damu. Marekani itatajwa pia, maana Katiba yake iliyoandikwa mwaka 1787 ndiyo kongwe kuliko katiba zote za nchi zilizoandikwa na ambazo bado zinatumika, na wanafunzi wetu huzipimia nyingine kwayo.

Baraza lenye wajumbe wengi kuliko yote

Mkoa wa Mtwara una wilaya tano na halmashauri tisa, na kila halmashauri ina baraza lake la madiwani. Lakini baraza lenye wajumbe wengi halikai ukumbini. Ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, kila mkazi wa kijiji aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe, bila fomu wala kampeni. Mkutano huo ndio wenye kauli ya mwisho katika mambo ya jumla ya kijiji. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, huchaguliwa nao na yaweza kuondolewa nao. Mtendaji wa kijiji anapaswa kusimama mbele ya mkutano huo na kusoma mapato na matumizi, na mkazi yeyote ana haki ya kuuliza fedha za tofali zimekwenda wapi.

Nguvu yake kubwa ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inasema ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 haiwezi kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla mpaka Mkutano Mkuu ukubali. Ikizidi hapo uamuzi ni wa Waziri, lakini hata yeye hana budi kupata kwanza maoni ya mkutano. Katika mkoa ambako mkorosho mmoja hurithiwa na wajukuu, hicho si kifungu cha kupambia vitabu. Mwekezaji mwenye barua nzito kutoka wizarani bado anatakiwa aje asimame mbele ya wanakijiji na kueleza anataka nini.

Marekani ina watu zaidi ya milioni 330 wanaosemewa na wabunge 435 na maseneta 100, na anayetafuta huko kitu kinachofanana na mkutano wa kijiji hatakipata Washington. Atakipata katika miji midogo ya majimbo ya kaskazini-mashariki. Vermont, kwa mfano, ina desturi ya wakazi kukutana Jumanne ya kwanza ya Machi kupitisha bajeti ya mji wao kwa sauti au kwa kunyoosha mikono. Ni kundi dogo sana la Wamarekani wanaoishi hivyo. Kwetu ni sheria katika vijiji zaidi ya 12,000. Katika rekodi zote za makala hii, hii ndiyo ninayoithamini zaidi, na ndiyo inayoniuma zaidi ninaposikia kwamba mahali fulani akidi haikutimia na mwenyekiti na mtendaji wakaamua wao wawili.

Ukimya mrefu kuliko wote

Mwaka 1972 serikali ilivunja halmashauri za wilaya nchi nzima. Mpango uliitwa Madaraka Mikoani, na nia iliyotangazwa ilikuwa kuwasogezea wananchi maamuzi. Kilichosogea ni watumishi wa serikali kuu, waliokuja na bajeti zilizopangwa juu. Mkoa wa Mtwara, ambao mwaka 1971 ulikuwa umeachana na Lindi, uliingia katika mfumo huo ukiwa bado mchanga. Sheria za kurudisha halmashauri zilipitishwa 1982 na halmashauri za wilaya zikaanza kazi tena 1984. Kwa miaka 12 diwani wa wilaya hakuwapo.

Funzo la kikatiba lilichukuliwa, japo kwa kuchelewa: ibara za 145 na 146 za Katiba ya 1977 sasa zinataka serikali za mitaa ziwepo, na zinasema madhumuni yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Wengi hulinganisha mkoa wetu na jimbo la Marekani. Ulinganisho huo haufai. Jimbo la Marekani lina katiba yake, bunge lake na mahakama yake, na Marekebisho ya Kumi ya 1791 yanasema mamlaka ambayo Katiba haikuipa serikali ya shirikisho, wala haikuyanyima majimbo, yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Rais wa Marekani hawezi kulifuta jimbo la Texas. Kinacholingana na Halmashauri ya Wilaya ya Tandahimba ni kaunti, na kaunti nyingi za Marekani, sawa na halmashauri zetu, huishi kwa sheria iliyotungwa na chombo kilicho juu yao. Kwa upande wetu, chenye katiba yake ya 1984, Rais wake na Baraza lake la Wawakilishi ni Zanzibar pekee.

Mwenye nguvu nyingi kuliko wote asiyepigiwa kura

Ni mkuu wa mkoa. Katiba, ibara ya 61, inampa Rais kazi ya kumteua baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Huongoza kamati ya usalama ya mkoa, na Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inamruhusu kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani kwa muda usiozidi saa 48. Mkurugenzi mtendaji wa halmashauri, anayeshika kalamu ya hundi, naye huteuliwa. Diwani anayechaguliwa hupitisha bajeti, lakini hana uwezo wa kumfukuza mkurugenzi.

Magavana 50 wa Marekani huomba kura. Simaanishi kwamba kuteuliwa kunamfanya mtu kuwa mbaya. Wakuu wa mikoa hodari wamepita Mtwara na kazi yao ilionekana. Ninachosema ni kwamba mwananchi wa Newala akikasirika na uamuzi wa mkoa, hana sanduku la kura la kupeleka hasira hiyo. Hilo lilionekana wazi ilipokuja habari ya gesi.

Mtikisiko mkubwa kuliko yote

Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, pwani ya Msimbati, na kampuni ya Kiitaliano ya AGIP. Ilikaa ardhini zaidi ya miaka 20 kabla ya kuanza kuzalisha umeme wa mikoa ya kusini. Kisha ukaja mpango wa bomba la kuipeleka Dar es Salaam, la inchi 36, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500. Tarehe 27 Desemba 2012 watu wa Mtwara waliandamana. Kauli iliyosikika mpaka Dodoma ilikuwa fupi: gesi haitoki.

Waliosema hivyo walikuwa na kumbukumbu. Waliahidiwa viwanda, wakasikia sasa malighafi inapita kwenda kwingine, na barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa bado haijakamilika yote kwa lami. Januari 2013 ghasia zilizuka, zikafika Masasi, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaja Mtwara kuzungumza na wananchi. Tarehe 22 Mei 2013, siku Waziri Sospeter Muhongo aliposoma bajeti ya nishati bungeni na kuthibitisha kwamba bomba linajengwa, mji ulilipuka tena. Jeshi likaletwa. Watu walikufa, nyumba na ofisi zikachomwa. Sikumbuki bajeti nyingine ya wizara moja katika nchi hii iliyojibiwa hivyo siku ileile iliposomwa.

Tuache moshi, tuangalie sheria. Gesi ni ya nani? Sheria ya Petroli ya 2015 inasema ni mali ya Jamhuri ya Muungano kwa niaba ya wananchi wote, na sheria ya 2017 ya umiliki wa maliasili inamfanya Rais mdhamini wa utajiri huo. Kanuni hiyo ina haki yake: mtoto wa Singida asiye na kisima cha gesi ni Mtanzania kamili. Fungu la moja kwa moja la halmashauri yenye kisima ni ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi kwa sheria haukuzidi asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni. Madiwani wa Mtwara huujua mgawanyo wa ushuru huo kwa moyo, kwa kuwa ni sehemu ya mapato ya ndani ambayo hawasubiri ruzuku kuipata.

Alaska walikwenda njia nyingine. Wakazi wake walipiga kura mwaka 1976 kubadili katiba ya jimbo na kuanzisha mfuko wa kudumu wa fedha za mafuta, na tangu 1982, mwaka uleule gesi ilipogunduliwa Msimbati, kila mkazi anayestahili hupata gawio la mwaka. Waliweza kwa sababu jimbo lao lilikuwa na katiba ya kubadili na ardhi iliyokuwa mali ya jimbo. Zanzibar nayo, serikali yake ilipoachiwa kusimamia petroli yake, ilitunga sheria yake ya mafuta na gesi mwaka 2016. Mtwara haikuwa na katiba wala baraza la kutunga sheria. Ilikuwa na wabunge wachache ndani ya Bunge la mamia, na barabara ya kuandamana.

Bomba lilikamilika na kuzinduliwa Oktoba 2015, na mtambo wa kuchakata gesi ukajengwa Madimba, ndani ya mkoa. Mwezi huohuo majimbo ya Mtwara Mjini na Tandahimba yalichagua wabunge wa CUF, chama cha upinzani. Hapo sanduku la kura lilifanya kazi ambayo lilikusudiwa kufanya, na hakuna aliyekufa kwa sababu yake.

Kipande cha pwani chenye wakubwa wengi kuliko vyote

Nenda Msimbati leo. Uko ndani ya kijiji chenye halmashauri yake, katika Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000 ikiwa na kilomita za mraba 650 za bahari, mikoko, delta na nchi kavu. Ilikuwa hifadhi ya bahari ya pili nchini, baada ya Mafia ya 1995. Ndani ya hifadhi hiyo kuna visima vya gesi vyenye leseni ya serikali kuu, na kusini kidogo ni mpaka wa kimataifa wenye uhamiaji na forodha. Mvuvi mmoja mwenye ngalawa moja anaweza kuhitaji kujua kauli za mamlaka hizo zote kabla ya kutupa nyavu.

Pwani hiyohiyo iliwahi kumwona mtu aliyetaka kuongeza dola nyingine. Latham Leslie-Moore, Mwingereza aliyefanya makazi yake Msimbati, alidai uhuru wa alichokiita Usultani wa Msimbati, mpaka serikali ikamfukuza nchini mwaka 1967. Swali kama sehemu ya nchi yaweza kujitoa kwa tamko lake yenyewe lilijibiwa Marekani na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 1869, miaka minne baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, katika kesi ya Texas v. White: haiwezi.

Mpaka uliochorwa mbali kuliko yote

Ujerumani na Ureno zilikubaliana mwaka 1886 kwamba Ruvuma uwe mpaka wao, bila mtu wa Kitaya wala wa Kilambo kuulizwa. Mwaka 1894 Wajerumani walichukua pembetatu ndogo ya Kionga, kusini mwa mlango wa mto. Wareno waliirudisha mikononi mwao Aprili 1916, na Mkataba wa Versailles wa 1919 ukawathibitishia. Ndiyo ardhi pekee ambayo Ureno iliipata kutokana na Vita vya Kwanza vya Dunia. Wamakonde wamebaki pande zote mbili, na harusi na misiba yao huvuka maji. Daraja la Umoja, kati ya Mtambaswala na Negomano, lilifunguliwa Mei 2010 na Marais Kikwete wa Tanzania na Guebuza wa Msumbiji, likiwa na mita 720. Wazo lake lilikuwa la Nyerere na Samora Machel.

Katika zama za ukoloni pia ndipo ulipofanyika uamuzi wa gharama kubwa kuliko yote uliofanywa kusini bila kura ya mtu wa kusini: mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza, 1947 hadi 1951, uliopoteza zaidi ya pauni milioni 35. Reli ya kutoka Mtwara kwenda Nachingwea ilijengwa kwa ajili yake na kufungwa mwaka 1962. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa sababu ileile, ndiyo iliyobaki na faida.

Ununuzi mkubwa kuliko wote

Bandari hiyo ndiyo mlango wa korosho. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000, rekodi ya wakati huo, na minadani bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Juni 2018 serikali ilipeleka bungeni mabadiliko ya kuondoa mgawo wa asilimia 65 wa ushuru wa korosho zinazouzwa nje, uliokuwa ukirudi kuendeleza zao, ili fedha zote ziingie Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa kusini, wa CCM na wa upinzani, walisimama pamoja kupinga. Walishindwa kwa wingi wa kura.

Kushindwa kwao kuna mizizi ndani ya Katiba. Ibara ya 99 inalizuia Bunge kushughulikia mambo ya kodi na matumizi ya fedha za umma isipokuwa pendekezo limetoka kwa Rais na kuletwa na Waziri, na ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali. Mbunge anayepinga bajeti anajua kwamba anaweza kurudi jimboni kuomba kura upya. Rais wa Marekani hawezi kulivunja Bunge lake. Huko bajeti ikikwama, ofisi za serikali ndizo zinazofungwa.

Msimu uliofuata bei za mnada zilianguka chini ya shilingi 3,000 na wakulima wakagoma kuuza. Tarehe 12 Novemba 2018 Rais Magufuli, aliyekuwa ametengua mawaziri wawili siku mbili nyuma, alitangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 na kwamba Jeshi la Wananchi litazibeba kutoka maghalani. Wengi Mtwara walishangilia, na ninawaelewa. Kwa mara moja mkono wa Dodoma uliwashika upande wao. Kisha ukaja uhakiki wa kuwatenga wenye kangomba, yaani wachuuzi walionunua korosho za wakulima kwa bei ya chini nje ya mfumo rasmi, na malipo yakasubiriwa na watu waliokuwa na ada za shule za kulipa Januari. Kwa bahati tu, majira yaleyale Marekani iliingia katika kufungwa kwa serikali kwa siku 35, rekodi iliyovunjwa mwaka 2025 kwa siku 43. Mfumo mmoja ulikwama kwa sababu mihimili ilizuiana; mwingine ulikwenda kasi kwa sababu hakuna aliyeuzuia. Mkulima wa Nanyamba na mtumishi wa serikali wa Marekani walisubiri fedha zao kwa sababu hizo mbili tofauti.

Mtoto wa Lupaso

Mtwara imetoa Rais mmoja, Benjamin William Mkapa, aliyezaliwa Novemba 1938 katika eneo la Masasi na kuzikwa kijijini Lupaso Julai 2020. Virginia, bingwa wa Marekani, imezaa wanane. Mkapa ana rekodi nzito zaidi: ndiye wa kwanza kushinda urais katika uchaguzi wa vyama vingi baada ya mabadiliko ya 1992, kwa takriban asilimia 62 mwaka 1995, na alitoka baada ya vipindi viwili kama ibara ya 40 inavyotaka. Marekani ilichelewa kuandika ukomo kama huo. Iliuandika 1951, baada ya Franklin Roosevelt kuchaguliwa mara nne.

Chini yake pia, mwaka 2000, Katiba ilibadilishwa ili mshindi wa urais asilazimike kuvuka nusu ya kura. Na matokeo ya urais, yakitangazwa na Tume ya Uchaguzi, hayafiki mahakamani: ibara ya 41(7) imefunga mlango. Mahakama Kuu inaweza kubatilisha ubunge wa Masasi au wa Ndanda, ikimsikiliza mpiga kura wa kawaida, lakini haiwezi kugusa urais. Kenya iliufungua mlango huo katika katiba yake ya 2010, na tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ikawa ya kwanza Afrika kubatilisha uchaguzi wa rais. Naamini Tanzania inaweza kuubeba uzito huo.

Kura iliyosubiriwa muda mrefu kuliko zote

Tume ya Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi kukusanya maoni ya katiba mpya, na rasimu yake ikapendekeza serikali tatu. Bunge Maalum liliondoa pendekezo hilo na kupitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2014. Kura ya maoni ilipangwa 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na haijapigwa. Kwa hiyo Katiba ya 1977, iliyokwisha kubadilishwa mara 14 kufikia 2005, inaendelea kuwa ndiyo iliyodumu kuliko zote tulizowahi kuwa nazo.

Marekani ina kusubiri kurefu zaidi. Marekebisho yake ya 27, yanayozuia wabunge kujiongezea mshahara kabla ya uchaguzi unaofuata, yalipendekezwa 1789 na kukamilishwa 1992, miaka 202 baadaye. Yalifufuliwa na Gregory Watson, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, aliyeandika insha juu yake mwaka 1982 na kupewa alama C. Alianza kuandikia mabunge ya majimbo barua, moja baada ya nyingine, na yakaanza kuyaridhia.